Nikianguka, Usifunge Breki

Neno la kwanza la maana aliloniambia Mzee wa Vioo siku aliponipa kazi ya sikukuu, baada ya shikamoo na marahaba, lilikuwa ruhusa ya kumuua. Yeye hakuliita hivyo, lakini mimi ndivyo nilivyolisikia. Alisimama mbele ya kirikuu yangu, akagonga kioo cha mbele kwa ukucha kama anayepima kimekaa sawa au hapana, akasema:

"Mimi nitatembea hapa, mbele yako, kinyumenyume. Nikianguka, usifunge breki."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ukifunga breki, Mgeni ataanguka. Mimi nikianguka, nimeanguka mimi tu."

Kirikuu ni gari dogo la mizigo lisilo na pua. Dereva anakaa pale pale mwisho wa gari, na mtu akisimama mbele yake mnatazamana kama watu wa nyumba mbili wenye madirisha yanayoelekeana. Nikamwangalia mzee wa watu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, nikaona jinsi uso ule utakavyoshuka chini ya kioo na kutoweka. Nilitamani kumwambia atafute gari jingine. Nikasema, "Sawa, mzee," kwa sababu hofu yangu ina adabu kuliko mimi.

Mgeni aliyekuwa akimsema ni sanamu ya udongo ya Ganesha, yule mungu wa Wahindi mwenye kichwa cha tembo. Kila mwaka huumbwa upya na kupakwa rangi, hukaa hekaluni siku za sikukuu akipewa maua na vitamu, kisha hupandishwa garini akasindikizwa kwa ngoma na nyimbo hadi ufukweni Raskazone, ashushwe majini. Mle hekaluni wamo wengine, wa mawe, ambao hawatoki. Huyu wa udongo ndiye wa kutoka. Anakuja, anakaa, anaaga. Ndiyo maana sikuwahi kumsikia Mzee wa Vioo akimtaja kwa jina. Alimwita Mgeni, nami nikazoea.

Kwingine sijui wanafanyaje. Kwetu Tanga, kwa miaka yote niliyoendesha, aliyetangulia mbele ya gari alikuwa yeye, na alitangulia kinyumenyume kwa sababu, alisema, mgeni hapewi mgongo. Wala Mgeni hakufungwa kamba. "Anayefungwa kamba ni mbuzi," alinijibu nilipouliza. Alisimamishwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chekundu, kabari za mbao zikapigwa miguuni pake, basi. Waliopanda naye nyuma walikatazwa kumshika, maana udongo mkavu ukidakwa kwa ghafla hukatika. Kilichomzuia asianguke kilikuwa mguu wangu wa kulia.

Sasa, mtu angesikia habari hizi angedhani mzee huyu alikuwa shujaa. Hasha. Sijaona mwoga kama yeye tangu nizaliwe. Alikuwa akiogopa mbwa, hata wale waliolala. Aliogopa upepo, na ukivuma alishika nguzo ya kibaraza cha duka lake kana kwamba ni yeye atakayepeperushwa. Ngazi hakupanda. Chai aliichovya kidole kwanza. Barabara hakuivuka peke yake; alisimama pembeni akingoja mtu yeyote apite, amshike mkono wa shati bila hata kumuuliza, wavuke wote. Wauza machungwa wa pale mtaani walishamzoea. Walikuwa wakimnyooshea mkono wakiwa bado mbali na kumwambia, "Njoo, babu, tukuvushe," naye anakwenda kwa mwendo wa mtu aliyeitwa na polisi.

Na mtu huyo kazi yake ilikuwa kukata vioo. Alikata vya madirisha, vya kabati, vya fremu za picha za harusi, na alikata mikono mitupu. Nilimuuliza siku moja kwa nini havai glovu. Akaninyooshea viganja, havina hata kovu moja la maana.

"Ukivaa glovu unasahau unashika nini," akasema. "Hofu iache kwenye vidole, ifanye kazi."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo mengi, na yote yalitoka dukani. Kioo hakilazwi, husimamishwa. Haraka ina vipande. Alipenda sana ile methali yetu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na aliitamka kama iliyotungwa na ukoo wake. Wateja waliokuja na haraka zao aliwapa kiti na kuwasahau makusudi. Fundi mmoja alimfokea kwamba amemchelewesha tangu asubuhi, mzee akamjibu kwa upole, "Ungekwisha kwenda na kipande kibovu, ukarudi, ukanifokea vizuri zaidi."

Tulijuana kwa sababu ya vioo hivyo. Aliniita nipeleke kioo kirefu cha kabati Kigombe, kwa mtu aliyekuwa akimwozesha binti. Alikataa kukaa mbele nami. Alikaa nyuma pamoja na kioo chake, amekifunika kanga ili jua lisipige humo likampofua mwendesha baiskeli, na kila tuta nililolikaribia nilimsikia akiomba kwa Kihindi. Mimi ni mtu wa kushuka. Kila baada ya mwendo fulani nasimama, nashuka, natazama mzigo, napanda tena. Madereva wenzangu wa kijiweni Nguvumali wameniita Bi Harusi kwa ajili ya mwendo huo. Nilidhani mzee atachoka na kushuka kwangu. Tulipofika Kigombe na kioo kikashushwa kizima, akanitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Dereva, wewe unaogopa nini?"

"Naogopa kuvunja cha mtu, mzee."

"Daima?"

"Daima."

Akatikisa kichwa kwa ile namna yao, ya kukubali, inayofanana na kukataa kwetu. Ilipokaribia sikukuu akaniita mbele ya duka, akagonga kioo changu kwa ukucha, akanipa agizo nililolitaja.

Nataka nieleze siku yenyewe inavyokuwa, maana watu huniambia, "Kazi gani hiyo, gia ya kwanza hadi baharini, hata mtoto angeendesha." Waje wakae pale nilipokaa. Nyuma yangu kuna ngoma na zumari na watu wanarushiana unga wa rangi. Mbele yangu, hatua chache tu, kuna uso wa mzee. Hanitazami. Macho yake yako juu ya kichwa changu, kwa Mgeni, na hayapepesi. Kiganja kikishuka, napunguza. Kidole kimoja, kuna tuta. Ngumi, nisimame, lakini kwa kuomba, si kwa kulazimisha. Yuko pekupeku. Visigino vyake sivioni, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwamba naona uso wa mtu anayekanyaga asipopaona, na miguu yenyewe siioni. Jasho linanitiririka mpaka usukani unateleza. Paja la kulia linatetemeka juu ya pedeli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimkodolea macho usoni kuliko nilivyowahi kumkodolea mke wangu, na yeye, njia nzima, hakunitazama hata mara moja.

Aliyemwonea njia alikuwa binti yake. Ni mwanamke mtu mzima, ndiye aliyekuwa akiendesha duka pamoja naye, sauti nene, mikono ya kazi. Alitembea pembeni ya baba yake akielekea mbele, akimsomea barabara kwa sauti ya chini: "Shimo, baba, kushoto. Tuta, baba. Baiskeli, mwache apite." Yeye na mimi tulitazamana mara nyingi. Hatukuwahi kuliongelea agizo, lakini nilijua analijua, na yeye alijua kwamba najua. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukingoja Mgeni apandishwe, alikuja dirishani akajifanya anafuta kioo cha pembeni. "Kaka," akasema, "yule ni baba yangu." Halafu akaenda zake. Nikabaki na maneno hayo njia nzima.

Nyumbani nilikuwa na vita vingine. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakupenda nibebe sanamu. "Mwanangu, siku ya kiyama utaulizwa ulibeba nini." Nikamwambia nitasema nilibeba mzigo wa jirani na sikuuvunja, ibada ni yao, breki ni zangu. Alinuna, lakini alipomwona mzee mwenyewe siku alipokuja kutusalimia Idi, akiwa amemshika mvulana wa jirani mkono wa shati kwa kumwogopa mbwa wa mtaani, alimwonea huruma akamletea kiti mwenyewe. Mke wangu yeye hakuwa na neno na sanamu. Neno lake lilikuwa na mzee.

"Mwambie humtaki. Akifa chini ya gari lako, nani atakwenda kusema alikuruhusu?"

"Nikikataa atatafuta dereva mwingine."

"Atafute."

"Atampata asiyeogopa. Na huyo atamuua kweli."

Mke wangu akarudi jikoni. Alijua ni kweli, na mimi nilijua kwamba hapo ndipo nimefungwa.

Kulikuwa na swali lililonisumbua, nikamuuliza mzee mwenyewe tukiwa kibarazani kwake tunakunywa chai aliyoichovya kidole. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Huyu Mgeni tukifika baharini si mnamtosa majini? Si anakwisha? Sasa akidondoka njiani, tofauti iko wapi? Ni robo saa tu."

Nilidhani atakasirika. Akaweka kikombe chini.

"Kwenu mgeni akiaga, mnamsindikiza?"

"Tunamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka njiani. Mpaka apate gari."

"Na akisha kupanda gari akaenda zake, hayuko tena kwako. Humwoni. Amekwisha?"

"Hapana."

"Lakini akivunjika mguu ukumbini kwako, kabla hajafika mlangoni?"

Nikaweka kikombe changu chini nami.

"Majini anakwenda kwao," akasema. "Akidondoka barabarani, nimemtupa mimi." Na pale, mchana kweupe, mikono ya yule mzee ilianza kutetemeka hadi binti yake akatoka ndani kumshika mabega. Nilielewa kwamba woga wote ule wa mbwa na upepo na chai ya moto ulikuwa chenji tu. Noti yenyewe ilikuwa hii.

Kuna mwaka tulifika maeneo ya Chumbageni, chungwa likaponyoka kwenye tenga la muuzaji likaviringika hadi barabarani. Binti alikuwa amegeuka kumzuia mwendesha bodaboda. Nililiona mimi. Mzee alilikanyaga. Uso wake ulishuka kidogo kwenye kioo changu, kiasi cha kiganja tu, na moyo wangu ukashuka nao. Mguu wangu ukagusa breki, kirikuu ikainamisha kichwa, nyuma nikasikia watu wakiguta. Kisha uso ukapanda tena mahali pake, macho yako kwa Mgeni, kiganja kinaniambia twende.

Jioni yake, kabla ya Magharibi, alinifuata kwenye gari.

"Ulitaka kufunga."

"Sikufunga, mzee."

"Ulitaka."

Alisimama pale akinusa harufu ya klachi iliyoungua, halafu akaenda zake akimtafuta mtu wa kumvusha.

Tangu mwaka huo akaanzisha mazoezi. Siku chache kabla ya sikukuu, asubuhi, tulikuwa tukitoa gari uani nyuma ya duka lake, kwenye ule uchochoro mrefu unaopita maghala. Juu ya meza ya Mgeni tulisimamisha gunia la mchanga la uzito ule ule, halikufungwa kamba, kabari zimepigwa. Mzee anavua viatu, anasimama mbele, anainua macho kwa gunia kama anavyomwinulia Mgeni, tunaanza. Majirani waliona kichekesho. Mimi nilikuwa na hofu ile ile, kwani gari haliwezi kujua kwamba leo ni gunia.

Na kila mwaka mwendo wa mzee ulikuwa mzito zaidi. Magoti yalianza kumgomea. Shingo ilishindwa kuinuka muda mrefu. Wazee wenzake wa hekaluni walimwomba apumzike, akawauliza nani kati yao ni mwoga kuliko yeye, na hakuna aliyeweza kusema ni yeye.

Asubuhi ya mazoezi ya mwisho kulikuwa kumenyesha kidogo. Binti alisema, "Baba, chini kunateleza, tungoje." Akakataa. Tulikwenda vizuri hadi katikati ya uchochoro. Ninakumbuka nilikuwa nikiwaza kwamba amesahau kukata ndevu upande mmoja. Nikiwa nawaza hivyo, uso haukuwepo.

Haukushuka polepole kama siku ile ya chungwa. Ulitoka tu kwenye kioo, na mbele yangu nikaona uchochoro, na paka juu ya ukuta. Binti alipiga ukelele. Sikuamua lolote. Mguu ulikwenda wenyewe, mpaka chini, mpaka pedeli ikagonga bati. Nyuma yangu kitu kizito kilipiga ukuta wa kabini, kikabingirika, kikaanguka nje na kupasuka.

Niliposhuka nilikwenda nimeshika bodi la gari. Mzee alikuwa chali, goti liko karibu na tairi kiasi kwamba ningeweza kulishika pamoja na tairi kwa mkono mmoja. Nyonga ilimuumia na kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Binti alishapiga magoti anamwita baba, baba. Lakini yeye alikuwa amegeuza shingo akitazama kando ya gari, kule mchanga ulikomwagika.

"Umefunga," akasema.

"Nimefunga, mzee."

"Amevunjika."

"Ni mchanga, mzee."

"Leo ni mchanga." Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutembea mbele ya gari langu, alinitazama machoni. "Na siku yenyewe utafunga?"

Ningeweza kudanganya. "Nitafunga."

"Hata nikikuapisha?"

"Hata ukiniapisha kwa msahafu, mzee. Mguu hauapi."

Nilimwogopa wakati ule kuliko nilivyoogopa alipoanguka. Nilidhani atanilaani. Binti alikuwa akimfuta damu kwa ncha ya mtandio, halafu nikamwona mzee anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeumia mbavu.

"Nilitafuta dereva mwoga," akasema. "Nimempata."

Kisha hakucheka tena. Alisema kwamba basi, kama ni hivyo, akianguka yeye ndiye atakayemvunja Mgeni, kwa sababu mimi nitafunga breki kwa ajili yake. Hawezi tena kutembea pale. Alisema mwaka huu mbele ya gari hatatembea mtu. Alilitamka hilo akiwa bado chali, mgongo wake kwenye matope, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni. Tulimwinua, mimi na binti yake, mzee hana uzito wowote, na nilipomkumbatia kumweka kwenye kiti nililia nami bila aibu.

Siku ya sikukuu alikuja kwa fimbo, binti akimshika. Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, mtu ambaye hakuwahi kukaa mbele na mimi hata safari moja. Akavua viatu akaviacha nje. Halafu akapanda, akapiga magoti juu ya kiti, uso kaugeuzia kioo kidogo cha nyuma ya kabini.

"Mzee, nyonga itakuuma."

"Iume. Mgeni hapewi mgongo."

Kupitia kioo kile aliweza kuona miguu ya Mgeni tu, na kitambaa chekundu, na kabari. Akasema panatosha, anayeanguka huanzia miguuni. Mkono wake mmoja aliuegemeza kwenye kiti, mwingine akauweka begani kwangu. Kiganja kikilala, nipunguze. Kidole, tuta. Ngumi, nisimame.

Ngoma zikaanza. Kwa mara ya kwanza kioo changu kilikuwa kitupu, na sikupata nafuu niliyoitarajia. Barabara tupu ilinitisha. Nilikuwa sijui niangalie wapi.

"Kuna mtu mbele?" akauliza, macho yake nyuma.

"Hakuna, mzee."

Tukatembea. Tukapita maduka. Akauliza tena, nikamjibu hakuna. Tulipofika pale barabara inapoanza kuinama kuelekea baharini, pale ambapo gari hata likiwa gia ya kwanza linataka kukimbia lenyewe, umati wa mbele ulijigawa na binti yake akaingia katikati. Alikuwa amefunga mtandio kiunoni. Ameacha viatu mahali. Akasimama mbele ya kirikuu, hatua chache, akaupa mteremko mgongo, akainua macho juu ya kichwa changu, na kuanza kurudi kinyumenyume, kiganja chini kama cha baba yake. Hapakuwa na mtu pembeni wa kumsomea barabara.

Niliona kwake uso ule ule wa baba yake, wa miaka mingi nyuma, mahali pale pale kwenye kioo. Bega langu lilikaza, na mkono wa mzee ukalihisi.

"Kuna mtu mbele?"

Nilitafuta visigino vyake chini ya kioo, sikuviona.

"Dereva. Kuna mtu?"

"Yupo, mzee."

"Nani?"

"Binti yako."

Hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye ile miguu ya udongo, na midomo ilikuwa ikienda bila sauti. Nilisikia vidole vyake vikiingia begani kwangu, kimoja kimoja, mpaka nikaona maumivu. Mteremko ulikuwa umetushika. Nyuma watu walikuwa wakiimba kumwomba Mgeni arudi mapema mwakani.

"Akianguka," mzee akasema, akakatisha, akaanza tena. "Akianguka, funga breki."